Shahada ya bahari huanzia siku ya kufungua mwamba

Msimu wa maombi ya vyuo ukikaribia, vijana waliomaliza shahada ya kwanza ya biolojia, jiografia au uvuvi huniuliza mambo mawili: chuo gani, na nani atalipa. Nitafika huko. Lakini kuna swali linalotangulia, na wachache hulileta: shahada ya uzamili ya usimamizi na uongozi wa bahari inakufundisha nini ambacho shahada ya sayansi ya bahari haikukufundisha? Nimefanya kazi hii miaka mingi katika vijiji vya Unguja na Pemba, na jibu langu huanza na pweza.

Pweza wa miambani kwetu, Octopus cyanea kwa jina la kitaalamu, anaishi mwaka na ushei tu. Anakua haraka sana. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake pangoni mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Kwa hiyo mwamba ukiachwa miezi michache bila kuchokolewa, yaani bila watu kuwatoa pweza mapangoni kwa vijiti, yule pweza mdogo ambaye leo hafiki hata gramu 500 zinazotakiwa na kanuni za uvuvi za Tanzania Bara atakuwa mzigo wa kujivunia. Ndiyo maana vijiji kama Kisiwa Panza, kusini mwa Pemba, hufunga sehemu ya mwamba kwa muda na kuifungua kwa siku iliyotangazwa. Biolojia ya jambo hili unaimaliza kwa kipindi kimoja darasani.

Sasa tazama hesabu. Huko Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska, ufungaji wa namna hii ulianza mwaka 2004. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulichambua ufungaji wa mara 36 katika eneo hilo kwa miaka minane. Katika mwezi uliofuata ufunguzi, mzigo wa pweza ulioletwa ufukweni ulipanda kwa zaidi ya asilimia 700. Namba hiyo huzunguka sana kwenye maandiko ya kuombea fedha za miradi. Lakini utafiti huohuo ulipima pia anachopata mvuvi mmoja kwa siku moja, nacho kilipanda kwa karibu asilimia 90.

Kaa na namba hizo mbili kidogo. Mzigo wote umekuwa kama mara nane, wa mtu mmoja haujafika hata mara mbili. Tofauti imekwenda wapi? Imekwenda kwa watu. Ukigawanya, utaona kwamba uvuvi wenyewe, yaani watu na siku zao mwambani, uliongezeka kama mara nne. Habari za mwamba kufunguliwa husambaa, na waliofunga hawawi peke yao siku ya kuvuna. Mwanabiolojia akiona asilimia 700 anasema mwamba umeitikia, na ni kweli. Mwanafunzi wa usimamizi anatakiwa aulize maswali yanayoanzia pale: nani alivumilia miezi ya kufunga, nani alikuja siku ya kufungua, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kumwambia mgeni asubiri?

Shahada nzima imo ndani ya maswali hayo matatu. Somo la uchumi wa rasilimali linakufundisha kuhesabu gharama ya kusubiri na kuona inamwangukia nani. Mwanamke anayechokoa kwa miguu ana mwamba mmoja tu, ule unaotoka maji yakipwa. Ukiufunga, hana pa kwenda. Mwenye miwani na pumzi ya kuzamia huhamia mwamba mwingine, kisha siku ya kufungua anarudi na kuwahi pweza wakubwa wa pembeni kabla maji hayajakauka vya kutosha kwa mtembea kwa miguu. Somo la sheria linakuonyesha kwamba kijiji kinaweza kukubaliana kwa kauli moja na bado kisiwe na nguvu ya kumzuia mtu wa shehia ya jirani, mpaka makubaliano yapitishwe kuwa sheria ndogo au yaingizwe kwenye mpango wa usimamizi unaotambuliwa na serikali. Somo la utawala linakueleza kwa nini kamati ya wavuvi inaweza kujaa wenye vyombo na nyavu huku wachokoaji hawamo.

Hili la mwisho nililijifunza kabla ya darasa, na kwa hasara. Nilipokuwa kijana kazini, niliitisha mkutano wa kupanga ufungaji wa mwamba katika kijiji kimoja. Ramani ilikuwa safi, wazee walihudhuria, mikono iliinuliwa, picha zikapigwa. Wiki ya kwanza tu watu waliingia mwambani kama kawaida. Nilidhani ni ukaidi, nikaandika hivyo kwenye ripoti. Ilichukua muda kugundua kosa langu: mkutano niliuweka saa nne asubuhi, siku ya bamvua. Kwetu mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa sana mnamo saa nne na saa tano za asubuhi. Saa ileile niliyokuwa nikihesabu mikono, wanawake walikuwa mwambani wanachokoa. Kibali nilikiomba kwa watu wasiotumia mwamba ule, nao walinipa kwa roho safi.

Ndiyo maana siku zote nasema uongozi wa bahari ni elimu, tena elimu ngumu. Watu hulichukulia neno uongozi kama hotuba na vyeo. Katika fani hii uongozi ni kujua mkutano uwe siku ya maji mafu, yasiyopwa sana, nani akae mbele, na uamuzi uandikwe wapi ili mwakani ofisa mwingine asiufute.

Sasa panda ngazi moja, kwa sababu bahari haiishii mwambani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ulioanza kutumika 1994, unaipa nchi mamlaka kamili hadi maili 12 za baharini kutoka mstari wa msingi wa pwani yake, na haki za rasilimali hadi maili 200. Mfuate jodari mmoja. Karibu na Unguja yuko chini ya sheria ya uvuvi ya Zanzibar, karibu na Mafia chini ya ile ya Bara. Akitoka nje ya zile maili 12, leseni za kumvua hutolewa na Mamlaka ya Kusimamia Uvuvi wa Bahari Kuu, chombo cha pamoja cha pande mbili za Muungano. Akivuka kwenda maji ya Kenya au Shelisheli anapata mmiliki mwingine tena, na kote huko viwango vya uvuvi wake hujadiliwa na nchi wanachama wa Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Shelisheli. Samaki ni yuleyule. Mtu anayeketi kwenye vikao hivyo kwa niaba ya nchi yetu lazima aweze kusoma tathmini ya akiba ya samaki asubuhi na kifungu cha mkataba jioni, na katikati amkumbuke mvuvi wa ngalawa. Watu wa namna hiyo tunao wachache mno, nalo linaniuma.

Kuhusu vyuo. Nyumbani tuna Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyoko Unguja tangu 1978. Nguvu yake kubwa ni sayansi yenyewe, na kwa tasnifu inayotaka data za miambani, mikoko au mwani, sioni sababu ya kuvuka bahari. Kenya kuna Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi, na watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya hapo Mombasa, ambao huwasimamia wanafunzi wengi. Ukitaka sheria na utawala, Chuo Kikuu cha Masuala ya Bahari Duniani kilichoko Malmö, Uswidi, kilianzishwa mwaka 1983 na Shirika la Kimataifa la Bahari, na kina mkondo wa utawala na usimamizi endelevu wa bahari. Ni miezi 14 ya kasi, na darasani utakaa na maofisa wa serikali kutoka nchi nyingi, jambo ambalo lina thamani yake baadaye kwenye vikao.

Kuna pia Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, Kanada, chenye shahada ya uzamili ya usimamizi wa bahari ambayo badala ya tasnifu ndefu ina mafunzo kazini na mradi. Huko ndiko alikofundisha Elisabeth Mann Borgese, aliyeanzisha Taasisi ya Kimataifa ya Bahari mwaka 1972. Mwaka 1967 balozi wa Malta, Arvid Pardo, alisimama Umoja wa Mataifa akataka sakafu ya bahari iliyo nje ya mipaka ya nchi iwe urithi wa pamoja wa wanadamu. Mama huyu aliibeba hoja hiyo maisha yake yote, akasisitiza kwamba haina maana kama maofisa wa nchi changa hawatafundishwa kuitetea. Taasisi yake bado inaendesha kozi fupi kwa watu kama hao.

Na si lazima uwe na shahada ili utambuliwe. Askari wa hifadhi za bahari aliyekaa miaka kumi kwenye boti anaweza kuomba cheti cha WIO-COMPAS, mpango wa ukanda wetu unaopima umahiri wa kazi. Jumuiya ya wanasayansi wa bahari ya magharibi mwa Bahari ya Hindi, WIOMSA, yenye makao Zanzibar, hutoa ruzuku ndogo za utafiti ambazo wanafunzi wengi wamezitumia kumalizia tasnifu zao. Fuatilia matangazo yake.

Ukiandika barua ya maombi, usianze na sentensi ya asilimia ngapi ya dunia ni maji. Wasomaji wa maombi wanaijua. Anza na mgogoro mmoja unaoufahamu kwa majina ya mahali: hoteli na wakulima wa mwani wanaogombea ufukwe mmoja, wavuvi wa dago, wale wanaohama na kupiga kambi, wanaofika na nyavu za kokoro wakati wenyeji wamezipiga marufuku, mikoko inayokatwa usiku. Eleza nani anaamua sasa, kwa sheria ipi, na unataka kujifunza nini ili uamuzi ubadilike. Barua ya namna hiyo mimi huisoma mara mbili.

Swali langu la tasnifu nililipata kijijini. Niliporudi kwenye kile kijiji, nilingoja maji mafu. Wanawake walikuwa wengi kuliko wanaume. Walisikiliza mpaka mwisho, kisha mama mmoja, mchokoaji tangu utotoni, akataka kujua: siku ya kufungua, yeye asiye na miwani ataingia saa ngapi, na mwenye miwani saa ngapi? Sikuwa na jibu. Nikalifunga daftari, nikamwomba anieleze yeye angepanga vipi, na tukakaa pale mpaka adhuhuri.