SSD haihitaji kupangwa upya
Ushauri wa kupanga upya vipande vya mafaili kwenye diski (defragment) kila mwezi ili laptopu iwe nyepesi ulifaa enzi za diski ya kuzunguka. Humo, kichwa cha kusomea kilihama huku na huko kukusanya vipande vya faili moja. SSD, yaani hifadhi inayotunza data kwenye chipu, haina kichwa wala sahani ya kuzunguka, hivyo mpangilio huo hauisaidii. Tena unaichosha bure, maana seli zake za kutunzia data huchakaa kwa kuandikwa.

Kinachoipunguza kasi hasa ni kujaa: haiwezi kuandika juu ya data ya zamani mpaka bloku nzima, yaani kundi zima la seli, ifutwe kwanza. Naomba uiachie nafasi, tuseme asilimia 10 hadi 20, na usizime TRIM, amri inayoijulisha data ipi haihitajiki tena. Windows huituma yenyewe tangu toleo la 7, la mwaka 2009.