Mkataba wa mali kabla ya ndoa: yanayosemwa Mtwara na yaliyo kweli

Malipo ya mnada wa korosho yakishaingia benki, mkoa wa Mtwara unaingia kwenye harusi. Kuanzia Masasi hadi Tandahimba, wachumba wanapanga sare, turubai, muziki na chakula cha wageni. Jambo moja halipangwi: nani anaingia na mali gani, nani anadaiwa, na mtakachochuma pamoja kitaandikwa kwa jina la nani. Ukitaja karatasi ya makubaliano, wazee wanakunja uso. Maneno yao mengi yanatoka kwenye mapenzi, na ndiyo maana yanastahili kujibiwa kwa heshima na kwa ukweli.

"Anayeandika mkataba anajiandaa kuachana."

Hili ndilo linalosemwa kuliko yote. Lakini ndoa zenyewe hapa kwetu hazijawahi kufungwa kimya kimya. Kwa Waislamu, ambao ni wengi ukanda huu, nikaha ni mkataba: kuna walii, kuna mashahidi, kuna mahari iliyotajwa, na mahari hiyo ni haki ya mke mwenyewe. Hata deni la kawaida, Kurani katika Surat al-Baqara aya ya 282 inaagiza liandikwe. Aya hiyo haizungumzii ndoa, lakini inatosha kuonyesha kwamba kuandika mambo ya fedha si dalili ya kutoaminiana. Wachumba waliokaa wakaulizana "una nini, unadaiwa nini, unamtunza nani nyumbani kwenu?" wameshafanya nusu ya kazi ya ndoa.

"Hayo ni ya matajiri wa Dar es Salaam. Sisi tuna nini?"

Tuna mikorosho. Hapa naomba tutulie kidogo.

Kijana wa Newala ana ekari tatu za mikorosho aliyoachiwa na wakubwa wake. Anaoa. Mke anaingia shambani: anapalilia, anasaidia kupulizia salfa ili ugonjwa wa ubwiri unga usile maua, anaokota, anapanda miche mipya pale ilipokufa ya zamani. Miaka kumi baadaye shamba lile linatoa mavuno mengi kuliko siku ya harusi. Shamba ni la nani?

Kifungu cha 58 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinasema ndoa haibadilishi umiliki wa mali ya mume wala ya mke, isipokuwa wao wenyewe wakubaliane vingine. Ukiishia hapo utasema shamba ni la mume. Lakini kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja, na kinahesabu humo hata mali ya kabla ya ndoa, kama imeendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzi mwingine au na wote wawili wakati wa ndoa. Kwa hiyo jibu linategemea kazi iliyofanyika na ushahidi uliopo. Wanandoa wakifikishana mahakamani, mmoja atasema mikorosho ilikuwa mia mbili, mwingine atasema themanini, na majirani wataitwa kukumbuka.

Karatasi moja iliyoandikwa kabla ya ndoa ingeeleza ukubwa wa shamba, idadi ya mikorosho inayozaa siku hiyo, na makubaliano juu ya itakayoongezeka. Hilo si jambo la tajiri. Tajiri ana mawakili na hati za kila kitu. Mkulima ana kumbukumbu za watu tu, na kumbukumbu hufa na wenyewe.

"Ukishaolewa, vyote ni nusu kwa nusu."

Hapana. Kifungu cha 60 cha Sheria hiyohiyo ya Ndoa kinaanza na jina: mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa ni yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyoandikwa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa haki zao ni sawa. Sasa tazama korosho zinavyouzwa. Zinapelekwa chama cha msingi, zinaingia ghalani kwa stakabadhi, zinapigwa mnada, fedha zinatumwa kwenye akaunti ya mkulima aliyeandikishwa. Familia nyingi wameandikisha jina moja, mara nyingi la mwanaume, ingawa magunia yamejazwa na mikono minne. Wachumba wanaweza kukubaliana mapema: mke naye aandikishwe, au malipo yaingie kwenye akaunti ya pamoja, au sehemu fulani itengwe kwa ada za watoto kabla ya bati na pikipiki.

Na anayebaki nyumbani asidhani hana chake. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Mkataba mzuri unalitaja hilo waziwazi.

"Ni ujanja wa mwanaume kumnyima mke."

Kwa Wamakonde, Wamwera na Wayao, ukoo umefuatwa kwa upande wa mama tangu zamani, na mjomba ana sauti kubwa. Binti wa huku anaweza kuingia kwenye ndoa akiwa na shamba la ukoo wake au kiwanja alichojengewa na mama yake. Yeye pia ana cha kulinda, na sheria inampa mke haki ileile ya kumiliki na kuuza mali yake kama mume. Tena wajomba wakiona imeandikwa kwamba shamba la ukoo litabaki la ukoo, mara nyingi ndipo wanapotulia.

"Madeni yake ni yake, mimi hayanihusu."

Kangomba, yaani kuuza korosho kwa walanguzi nje ya mnada, inawahusu wote. Mtu akishachukua fedha za mnunuzi kabla ya msimu kwa ahadi ya kulipa korosho, mavuno yanaondoka kabla hayajafika ghalani, na anayelala njaa ni nyumba nzima. Deni la namna hii litajwe kabla ya posa. Mahakama inapogawa mali hutazama pia madeni yaliyochukuliwa kwa faida ya wote wawili, kwa hiyo ni vizuri mkubaliane deni gani ni la nyumba na lipi ni la mtu. Nyumba mnayoishi ina ulinzi wake tayari: haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzi.

"Tukishaandika, hakimu atafuata kila neno."

Sheria yetu haina sura inayoeleza mkataba huu hatua kwa hatua. Hakimu atausoma pamoja na kifungu cha 114 na mazingira yenu. Matunzo ya watoto hamwezi kuyafuta kwa saini. Mirathi nayo ina njia zake. Kwa Muislamu, wasia hauvuki theluthi moja ya mali na hauandikwi kwa mrithi bila ridhaa ya warithi wengine.

Kuhusu gharama, wakili ni bora, hasa kila mmoja akiwa na wake. Asiyemudu aanze kwa msaidizi wa kisheria; huduma hiyo inatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017.

"Tutasaini hata siku ya harusi."

Msifanye hivyo. Sainini wiki kadhaa kabla, mbele ya mashahidi wa pande zote mbili, kwa Kiswahili ambacho wote mnakielewa, mali na madeni yote yakiwa yametajwa. Kila mmoja akae na nakala yake. Mkinunua shamba jipya, kaeni tena muandike nyongeza na wote wawili msaini. Mtu aliyepewa kalamu asubuhi ya harusi, wageni wameshakaa chini ya turubai, anaweza baadaye kusema hakuwa na hiari, na Sheria ya Mikataba inamsikiliza, kwa sababu makubaliano yasiyo na ridhaa huru yanaweza kubatilishwa.