Iris si jicho, ni upinde wa mvua

Majuzi, kwenye sherehe ya kumpokea mtoto mchanga, mshereheshaji aliwaambia wageni kwamba jina la mtoto, Iris, "ni la Kigiriki, maana yake jicho, yaani huyu ndiye mboni ya jicho la mama yake." Vigelegele vikapigwa. Mwaka huu nimeyasikia maelezo hayo mara tatu, na yananiuma kwa sababu maana ya kweli ni nzuri zaidi.

Iris kwa Kigiriki cha kale ni upinde wa mvua. Jicho walikuwa wakiliita ophthalmos.

Upinde huo Wagiriki waliupa nafsi, ukawa mungu wa kike mwenye mabawa. Mshairi Hesiod anasema Iris ni binti wa Thaumas, na jina la baba huyo linahusiana na neno lao la "ajabu". Kazi yake ni utarishi: hubeba maneno ya miungu na kuyashusha duniani, kama upinde unavyoonekana kuanzia mbinguni na kukanyaga ardhi. Katika Iliad, utenzi wa Homer kuhusu vita vya Troya, Zeus, mkuu wa miungu, anapotaka mzee Priam, mfalme wa Troya, aende kuukomboa mwili wa mwanawe Hector, anayetumwa kumwambia ni Iris. Wengi humjua Hermes tu kama tarishi wa miungu, lakini katika utenzi huo ujumbe mwingi hupita kwa binti huyu.

Ua liitwalo iris nalo lilipewa jina kwa ajili ya rangi. Dioscorides, tabibu wa karne ya 1, aliandika wazi kwamba mmea huo umeitwa hivyo kwa kufanana na upinde wa angani. Iris huchanua zambarau, buluu, njano, nyeupe, hata hudhurungi, na mara nyingi ua moja hubeba rangi kadhaa. Mwanasayansi Linnaeus alipoipanga mimea mwaka 1753 aliliacha jina lilivyo. (Lile ua jeupe la bustanini ambalo wengi huliita iris ya Afrika, na ambalo huota porini kuanzia Ethiopia hadi Afrika Kusini, ni Dietes. Ni ndugu wa iris, si iris yenyewe.)

Jicho liliazima jina palepale. Kinachoitwa iris jichoni ni ile duara yenye rangi, ya kahawia kwa wengi wetu, na mboni ni ule weusi wa katikati. Kwa hiyo hata tukikubali kuanzia kwenye jicho, mshereheshaji alishika sehemu isiyo yake. Wala ua halikutokana na jicho. Vyote viwili vilichota kwenye upinde, na mwaka 1803 mwanakemia Smithson Tennant naye akachota huko huko: aligundua metali ambayo chumvi zake zina rangi nyingi, akaiita iridiamu.

Kuna jambo jingine. Husemwa kwamba iris ni ishara ya matumaini tangu Ugiriki ya kale. Hapo tunawavisha Wagiriki upinde wa Nuhu, ule wa agano. Katika Iliad, upinde ambao Zeus anautandaza angani huwaonya watu juu ya vita au dhoruba ya baridi. Mshairi wa Kirumi Virgil naye anamtuma Iris kwa malkia Dido anayekata roho kwa uchungu: anashuka na rangi elfu zikimeta mbele ya jua, anamkata unywele, na roho inafunguka. Hiyo ni huruma, naam, lakini ni huruma ya kitandani pa kufia.

Mama wa mtoto yule anaweza kumwita mwanawe mboni ya jicho lake kila siku, ni haki yake. Ila binti akikua na kuuliza jina lake lina maana gani, naomba angoje mvua inyeshe jua likiwaka, amtoe nje, amwonyeshe.