Taa ya Baraza Lako na Watoto wa Kasa: Mnyama Haoni Unachoona Wewe

Tunapita vijiji vya pwani ya Tanga na Pangani kuongea habari ya taa za ufukweni na kila kikao swali ni lilelile, jamani kasa anaishi baharini, taa ya kwangu inamhusu nini? Kosa liko hapo, watu wanadhani macho ya wanyama wote yanafanya kazi kama ya kwao.

Nyuma ya jicho kuna seli zenye pigmenti, ni protini inayoitwa opsini imeshikana na kitu kidogo kinachotokana na vitamini A, ndo maana mtoto akikosa vitamini A usiku anapapasa. Mwanga ukiigonga ile pigmenti inabadilika umbo na taarifa inaenda kwenye ubongo. Mfumo huu tunao sisi, samaki na hata pweza, ila opsini zinatofautiana, kila moja ina mwanga inaoupokea vizuri na mwanga mwingine unapita tu. Binadamu tuna aina tatu za kutofautisha rangi na moja ya gizani. Mbwa ana mbili za rangi, kuku wako wa kienyeji ana nne, amekuzidi. Pweza anayejigeuza rangi mwili mzima mbele yako ana aina moja tu!

Mfano mzuri tunao hapahapa Tanga, silikanti, samaki wa kale anayeishi kina kirefu. Huyu samaki alianza kunaswa Tanzania mwaka 2003, na huku Tanga akawa ananaswa kwenye nyavu za majarife, mpaka hifadhi yake ikatangazwa 2009. Kule chini mita mia na zaidi nyekundu haifiki, kijani imeshaisha, kilichobaki ni bluu ya kama nanomita 480 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, kila rangi ina wake). Watafiti walivyopima pigmenti za macho yake wakakuta zipo mbili, moja inapokea vizuri zaidi mwanga wa 478 na nyingine wa 485. Yaani jicho zima limekaa kwenye bluu ileile iliyobaki. Mimi nikisoma hizo namba kila mara nashangaa upya.

Sasa kasa. Mtoto wa kasa anatoka mchangani usiku na hana mama wa kumwongoza, anachofuata ni upande wenye mwanga wa chini kwenye upeo, na ufukwe usio na taa mwanga huo unatoka baharini. Macho yake yanavutwa sana na bluu, kijani na hata ile miale iliyopita zambarau ambayo sisi hatuioni kabisa. Taa nyeupe za LED, hizi za sola za bei rahisi, zina bluu nyingi, kwa hiyo taa unayoona wewe ya kawaida kwake inawaka kuliko bahari. Wavuvi wa dagaa wanapaswa kulielewa hili bila hata mimi kueleza, kwani karabai wanawasha ya nini?

Kuna wanaosema basi tuweke taa nyekundu kasa haioni. Si kweli, anaiona, ila haimvuti sana, hiyo ni tofauti kubwa naomba isipotoshwe. Tunachoomba ni taa ya njano iliyokolea au nyekundu, ifungwe chini, ifunikwe upande wa bahari, na kama hakuna kazi izimwe.

Sheria ieleweke pia. Kasa analindwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009, na ndani ya hifadhi kuna Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994. Kumkamata, kumchinja, kuuza nyama, kuchukua mayai, yote ni makosa na adhabu ni faini, kifungo au vyote. Kusema eti nimemkuta kwenye wavu hakukusaidii kama umeshamchinja. Akiwa hai mwachie, akiwa amekufa usimguse, toa taarifa BMU ya kijiji, yaani kikundi cha kusimamia ufukwe na uvuvi, afisa aje apime gamba, apige picha, aandike, ndo azikwe. Kiota usikifukue hata kama unaona maji yatakifikia, viota vya kisiwa cha Maziwe vinahamishiwa ufukwe wa Ushongo, Pangani, kwa sababu kisiwa kinafunikwa maji yakijaa, lakini wanaofanya hivyo wamefundishwa, yai likigeuzwa ovyo linakufa.

Usiku mmoja huko Ushongo tulikuta watoto wa kasa wameacha bahari mgongoni wanapanda kwenye taa ya gesti, mmoja amenasa kwenye mizizi, kaa wameshaanza kuwakamata. Mlinzi akaniambia, afisa, hawa wamepotea kwa sababu mama yao hayupo. Nikamwambia mzee wangu, mama yao hajawahi kuwepo, tuzime hiyo taa. Akasita, akasema wezi je? Nikamwomba nusu saa tu, maana pigmenti ya gizani kwenye macho yetu ikishaunguzwa na taa kali inachukua muda huo kujirudisha. Tukakaa kwenye mchanga. Mwanzo hatuoni kitu, halafu povu la mawimbi likaanza kuonekana, halafu ngalawa, halafu wale wadogo wenyewe, wameshageuka, wanashuka.

Mzee akasema, "Kumbe naona mpaka kule kwenye minazi." Ile taa hakuiwasha tena mpaka alfajiri.