Je, wajua kwa nini mgonjwa anayelishwa kwa mpira hushiba uji na bado akakonda?

Saa ya kuona wagonjwa ikifika katika hospitali za Dar es Salaam, chupa za chai huingia wodini pamoja na ndugu. Ndani mna uji wa lishe au supu iliyochujwa, chakula cha mgonjwa aliyewekewa mpira kutoka puani hadi tumboni, mara nyingi baada ya kiharusi. Wengi huamini kwamba chakula kikishapita kwenye mpira, lishe imefika. Sivyo.

Mgonjwa wa kilo 60 huhitaji takriban kilokalori 1,500 hadi 1,800 kwa siku, na protini gramu 70 hivi. Uji mwepesi huwa na gramu 100 za unga kwa lita, yaani kilokalori 360. Mpe mililita 300 mara tano: amepata 540, na protini gramu 13 tu kama unga ni wa mahindi. Tumbo limejaa, mwili una njaa. Fomula ya kawaida, yaani chakula cha majimaji cha kiwandani kwa wanaolishwa kwa mpira, hubeba kilokalori 1 katika kila mililita, kwa hiyo ujazo uleule unampa 1,500 na protini gramu 60 hivi. Supu ya mifupa nayo haiokoi hesabu, kwa sababu protini nyingi imebaki na nyama kwenye chujio. Hata karanga na soya za unga wa lishe, zikisagwa vibaya, huishia hapohapo.

Basi kwa nini tusiongeze unga? Hapa ndipo penye jambo la ajabu. Wanga ni minyororo mirefu iliyokunjwa ndani ya chembe ndogo. Moto ukipanda, chembe hunywa maji, huvimba, na minyororo hutawanyika; uji unakuwa mzito usiopita kwenye mpira. Fikiria pipa la maji lililotiwa nyuzi ndefu za katani: zinashikana, na mti wa kukorogea haugeuki. Sasa zikatekate vipande vya urefu wa ukucha. Katani ni kilo ileile, ila pipa linakorogeka.

Mkasi wa kukata minyororo ya wanga ni kimeng'enya kilichomo ndani ya nafaka inayoota. Loweka ulezi usiku kucha, uoteshe siku mbili au tatu kwenye kitambaa chenye unyevu, anika, saga: hicho ni kimea. Watafiti wa lishe nchini walikipigania tangu miaka ya 1980 kwa ajili ya uji wa watoto. Pika uji mzito wa gramu 200 za unga kwa lita, epua, upoe kidogo ukiwa bado wa moto, tia gramu 10 za kimea, koroga. Ndani ya dakika kumi hivi unalegea mbele ya macho yako, na kilokalori 720 zimo. Kimea kikitiwa uji ukichemka, moto huua kimeng'enya hicho na hakuna kinacholegea. Ukishalegea, uchemshe tena ili kuua vijidudu vya kimea. Kimea chenye ukungu kitupwe, kwa hofu ya sumukuvu.

Lakini ushahidi huo zaidi ni wa watoto wanaokunywa kwa kikombe, si wa mtu mzima mwenye mpira. Vipande vifupi vya wanga huvuta maji utumboni, hivyo mgonjwa anaweza kuharisha. Na kimea hakiongezi protini wala vitamini za kutosha. Hizo zitafutwe kwenye maziwa, mayai yaliyoiva, au fomula yenyewe, kwa vipimo vya afisa lishe. Aliyekaa siku nyingi bila kula aanzishwe kidogokidogo, maana chakula kingi cha ghafla huvuruga chumvi za damu na kinaweza kuua.

Kichwa kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45. Uji ushuke wenyewe kutoka kwenye bomba la sindano lisilo na kisukumio; ukilazimika kuusukuma, ni mzito mno. Kila mlo utanguliwe na ufuatwe na mililita 30 za maji safi, kwa sababu wanga unaopoa ndani ya mpira hujifunga upya, na baadaye ni vigumu kuufungua kwa maji.