Mali isiyoelezeka ni nini, na si nini

Tangu Rais William Ruto atie saini Sheria ya Mgongano wa Maslahi mwezi Julai 2025, maneno "mali isiyoelezeka" yamekuwa yakitajwa kila mahali nchini Kenya, na mara nyingi hutajwa kana kwamba ni jina jingine la mali ya wizi. Wapo pia wanaoyachanganya na tamko la mali, na wapo wanaoyachanganya na ule ukaguzi wa mtindo wa maisha, yaani kulinganisha maisha anayoishi afisa na kipato chake, ambao Rais Uhuru Kenyatta aliutangaza mwaka 2018 akiahidi kwamba yeye mwenyewe atakuwa wa kwanza kukaguliwa. Hayo ni mambo matatu mbalimbali.

Kwa kifupi, mali isiyoelezeka ni mali ambayo mtu aliipata katika kipindi anachoshukiwa kwa sababu za msingi kuhusika na ufisadi, ambayo thamani yake hailingani na mapato yake yanayojulikana ya kipindi hicho, na ambayo haina maelezo ya kuridhisha. Hiyo ndiyo maana iliyomo katika Sheria ya Kupambana na Ufisadi na Uhalifu wa Kiuchumi ya mwaka 2003, na masharti yake yote lazima yatimie kwa pamoja. Ukubwa wa mali peke yake si mojawapo ya masharti hayo, jambo ambalo wazungumzaji wetu wa redioni hulisahau kila asubuhi.

Kinachopimwa ni pengo. Tuchukue mfano wa kubuni wa afisa wa ununuzi katika serikali ya kaunti ambaye baada ya makato hupokea shilingi 120,000 kwa mwezi. Kwa miaka 4 amepokea shilingi milioni 5.76, hata tukijifanya kwamba hakula, hakulipa nauli wala karo katika muda huo wote. Ikiwa katika miaka hiyo hiyo amenunua nyumba za kupangisha za milioni 22 na gari la milioni 3, kuna milioni 19.24 ambazo mshahara hauwezi kuzibeba. Akileta mkataba wa kuuza shamba la urithi kwa milioni 10, hati ya uhamisho na taarifa ya benki inayoonyesha fedha zikiingia, pengo linapungua hadi milioni 9.24. Akisema kwamba hizo zilizobaki alipewa na marafiki kwa fedha taslimu, marafiki ambao hawakumbuki walizitoa wapi, basi hizo milioni 9.24 ndizo zisizoelezeka. Mali iliyobaki ni yake halali, na hakuna anayetaka kumpokonya kila kitu kwa sababu ya sehemu moja.

Kutokana na hesabu hiyo utaona kwamba mali haiwi isiyoelezeka kwa kuwa jirani ameitazama akashangaa. Sheria hiyo ya 2003 inaitaka Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, yaani EACC, impe mhusika nafasi ya kutosha ya kueleza tofauti hiyo wakati wa uchunguzi, na ni pale tu maelezo yake yanapokosa kuridhisha ndipo tume inaweza kwenda Mahakama Kuu chini ya kifungu cha 55. Kabla ya hapo ni mali ambayo haijaelezwa, na kati ya kutoelezwa na kutoelezeka kuna hatua nzima ya kisheria.

Kosa la pili, ambalo kwa kweli ndilo linaloudhi zaidi, ni dai kwamba utaratibu huu unamlazimisha mtu kuthibitisha kuwa hana hatia, na kwa hiyo unakiuka Katiba. Dai hilo hutolewa kwa sauti ya uhakika na mawakili wanaopaswa kujua zaidi. Kifungu cha 55 ni utaratibu wa madai. Hakuna mshtakiwa, hakuna kizimba, hakuna kifungo mwishoni mwake. Tume ndiyo inayoanza kuthibitisha, kwa kiwango cha kesi za madai, kwamba mali ipo na kwamba hailingani na mapato. Ikishindwa hapo, kesi imekwisha na mhusika hahitaji kufungua kinywa. Ikifaulu, mahakama inaweza kumtaka mhusika aonyeshe kwamba aliipata kwa njia isiyo ya ufisadi, kwa kuwa yeye ndiye anayejua ilikotoka. Asiporidhisha, huamriwa kuilipa Serikali kiasi kinacholingana na thamani ya hiyo mali isiyoelezeka. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa iliukubali mtiririko huo katika kesi ya aliyekuwa meneja wa fedha wa shirika moja la umma la maji, aliyeamriwa kulipa takribani shilingi milioni 41. Katiba yenyewe, katika Ibara ya 40(6), inasema kwamba ulinzi wa haki ya kumiliki mali haufiki kwenye mali iliyothibitika kupatikana kinyume cha sheria.

Huenda mkanganyiko huu unatokana na kusoma habari za majirani. Tanzania, kupitia kifungu cha 27 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ilichagua njia ya jinai: kiongozi au mtumishi wa umma anayeishi maisha yaliyozidi kipato chake halali, au anayemiliki mali isiyolingana nacho, anatenda kosa asipotoa maelezo ya kuridhisha. Kule pingamizi la kwamba mshtakiwa anabebeshwa mzigo wa kujitetea lina uzito, na hata Mkataba wa Umoja wa Mataifa Dhidi ya Rushwa, ambao Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kuuridhia tarehe 9 Desemba 2003, unazitaka nchi zilifikirie tu suala la kuufanya utajiri wa namna hiyo kuwa kosa, tena kwa kadiri katiba zao zinavyoruhusu. Kulihamishia pingamizi hilo kwenye kesi ya madai ya Nairobi ni kulipeleka mahali lisipohusika.

Kuhusu tamko la mali, sitakawia. Tamko ni orodha ambayo mtumishi huijaza mwenyewe kuhusu mapato, mali na madeni yake, ya mwenzi wake wa ndoa na ya watoto walio chini ya miaka 18. Chini ya Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka 2003 lilijazwa kila baada ya miaka 2, na kila tume ilipokea ya watu wake, hivi kwamba walimu wenye mkopo wa sacco na ng'ombe mmoja walijaza fomu zao kwa hofu kuu kila msimu wa matamko ulipofika huku mali iliyoandikishwa kwa jina la shemeji ikibaki nje ya karatasi. Kujaza fomu si kusafishwa. Anayesema "nilishatangaza mali yangu" amesema tu kwamba ameandika; faida ya maandishi hayo ni kwamba mchunguzi akija baadaye ana mahali pa kuanzia hesabu yake.

Sheria ya 2025 imeifuta ile ya maadili ya 2003 na kuipa EACC usimamizi ambao awali ulitawanyika katika tume nyingi, na hilo ni badiliko kubwa. Hata hivyo, wanaoiita "sheria mpya ya mali isiyoelezeka" wangekuwa sahihi zaidi kuiita sheria ya mgongano wa maslahi na ya matamko, kwa maana dhana wanayoisherehekea imekuwa katika vitabu vya sheria vya Kenya kwa zaidi ya miaka 20, na anayetaka kujua kwa nini imetumika mara chache hana budi kuuliza kuhusu uchunguzi na kesi, wala si kuhusu saini ya Julai.