Betri za Kuanika na Dhana Nyingine za Redio za Zamani

Wateja wanaoniletea redio za wazazi wao ili nizifufue, wawe wametoka Tukuyu, Makete au hapa hapa Mbeya mjini, hunieleza kwa furaha kwamba enzi zile betri zikiisha zilianikwa juu ya bati na jua likazichaji upya. Si kweli, na nimechoka kuisahihisha dhana hii huku nikikwangua kutu iliyotokana nayo.

Umeme wa betri kavu ya zinki na kaboni hutokana na kopo lake la zinki kuliwa polepole, na zinki iliyokwisha kuliwa hairudishwi na jua. Baridi hupunguza kasi ya mmenyuko wa kikemikali ndani ya betri, ndiyo maana alfajiri za Juni na Julai katika nyanda hizi redio ilififia katikati ya taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam. Betri hiyo hiyo ikipumzishwa na kupata joto la mchana, hutoa nguvu kidogo iliyokuwa imesalia, nayo ndiyo iliyodhaniwa kuwa chaji mpya. Anayebisha aipime: ikitoka juani mita itasoma volti za kuridhisha, lakini akiipachika redioni na kupandisha sauti, kipimo kitaporomoka mbele ya macho yake.

Hasara ilikuja baadaye, kwa sababu kopo lililokwisha kuliwa hutoboka, na betri iliyolazimishwa kufanya kazi baada ya kuisha huvuja majimaji yanayokula springi na nyaya. Katika redio nyingi ninazofungua, springi ya upande hasi imebaki unga wa kijani, ilhali spika na koili ni nzima kabisa. Redio isiyotumika itolewe betri, hata kama inawekwa kabatini kwa wiki moja tu. Hili humwambia kila mteja, aulize asiulize. Kung'ata betri nako kuliharakisha kuvuja huko.

Wapo pia wanaoamini kwamba vituo vya mbali vilisikika usiku kwa sababu mitambo iliongezwa nguvu. Mchana jua hujenga angani tabaka linalomeza mawimbi ya masafa ya kati. Likizama, tabaka hilo hutoweka, na mawimbi huakisiwa na tabaka la juu zaidi hadi mbali.

Kanda ya dakika 120 haikuwa bora kuliko ya 60. Ili urefu wote huo uenee ndani ya kasha lile lile, utepe wake ulifanywa mwembamba, ukawa mwepesi kunyooka na kujisokota kwenye rola.

Na redio isiyo na bendi ya FM si mbovu. Ilitengenezwa kwa masafa ya kati na mafupi, kwa hiyo tafadhali msiniletee niitafutie vituo vya FM ambavyo haikuundwa kuvipokea.